Vuli inakaribia, pandeni mkilua



Mvua za vuli ziko karibu, na Jumamosi hii asubuhi kikundi chetu cha wanawake kitauza miche barazani, pembeni ya kibanda changu cha kushonea. Najua wengi mtaulizia mawaridi na yale maua ya rangi yanayopendeza kwenye picha. Yatakuwepo. Lakini mimi nakuombeni muanze na mkilua.

Nashona nguo za mabiharusi, kwa hiyo maua ya harusi napitiwa nayo kila wiki. Zamani kidogo, biharusi akija kujaribu nguo na kungwi wake, kungwi huniuliza kikuba kitabanwa wapi. Siku hizi naletewa maua ya plastiki niyashonee kifuani. Nashona, ndiyo kazi yangu, ila plastiki hainukii. Na wale wanaotaka kikuba cha kweli, cha kuvaa ndani kwa mume na mbele ya wanawake wenzao, hunambia asumini na rehani wamepata, kilua wamezunguka soko zima hawakukiona.

Hakionekani kwa sababu mikilua inakatwa na hakuna anayepanda. Asumini na mlangilangi tumezipenda mpaka tumesahau kuwa asili yake ni Asia. Asumini haina tabu, ukichomeka kitawi pahala penye unyevu kinashika. Mkilua ni wa kwetu hasa, mti wa misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya. Hata mtaalamu aliyeuandika kitaalamu mwaka 1970 aliuita kwa jina letu hili hili, Mkilua fragrans. Ila hukua polepole, na mwenye haraka ya kujenga hausubiri.

Mtaani kwetu umebaki mkubwa mmoja, uani kwa bibi aliyeoza mabinti wanne, wote wametoka na kilua cha mti ule nyweleni. Kiwanja sasa ni cha warithi na patajengwa fremu za maduka. Alituita akatwambia: "Wanangu, okoteni mbegu. Mie sina nguvu ya kugombana na mtu." Miche yetu yote ya mkilua imetoka hapo. Siku msumeno ukipita, mama yao hayupo tena.

Ukinunua, usipande siku hiyo hiyo. Chimba shimo, changanya udongo na samadi iliyokauka vizuri, kisha ngoja mvua mbili tatu za maana. Mkilua umezoea kivuli cha msituni, basi uweke chini ya mwembe au upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Chana kiriba taratibu, mizizi isikatike. Zungushia makuti, maana mbuzi wa mtaani hawana simile. Kazi kubwa inakuja kaskazi, Januari na Februari, vuli ikishakatika: maji ya kuoshea mchele yanatosha kuunusuru mpaka masika.

Mkadi nao tunao kidogo. Huo utake wenye nafasi, una miba na hufai njiani kwa watoto. Tena mkadi una dume na jike, na kadi yenye harufu hutolewa na dume. Kwa hiyo sisi tunauza machipukizi ya mti tunaoujua, hatuuzi wa mbegu.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba chochote anachokula mtu, ndege au mnyama katika ulichopanda ni sadaka yako. Kama harufu nayo imo, masheikh watatwambia.

Mabiharusi wa mwaka huu, mkilua hautawahi harusi yenu, nasema kweli. Mpandieni mdogo wenu anayesoma chuoni sasa. Miche ya mkilua ni thelathini na moja tu, kila mtu mmoja mmoja mpaka saa nne, ikibaki ndiyo tutagawana. Njooni na vikapu.