Kutoka Jinja Hadi Mbale: Chungu na Chupa

Mjini Jinja ndipo mto Naili unapoagana na Ziwa Viktoria. Mji huu ulipata sifa kwa bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, kwa kambi yake ya askari, na kwa viwanda vyake, kimojawapo kikiwa cha sigara. Mashariki yake ni Kakira, na hapo msafiri huingia katika bahari ya miwa.

Muwa hutoa sukari, lakini huacha pia molasi, yale masalio mazito meusi ya kiwandani. Katika vijiji vya Busoga molasi huchachushwa, hupikwa katika pipa juu ya kuni, na mvuke wake hupozwa kwa maji. Kinachotona ni waragi, ndugu wa gongo ya Tanzania na chang'aa ya Kenya. Ukali wake haupimwi. Ikichanganywa na spiriti ya viwandani yenye methanoli, hupofusha na kuua.

Mkulima wa miwa hungoja mavuno kwa muda wa miezi 18 hivi, kisha fedha humjia kwa mkupuo. Shamba lililotoa viazi na mahindi sasa ni la miwa, na chakula hununuliwa. Fedha ikipitia kilabuni kabla ya kufika nyumbani, watoto hulala njaa katikati ya mashamba ya kijani.

Baada ya Iganga, barabara ya Tirinyi hupita mabonde ya mpunga hadi Mbale, chini ya Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Huku ni nchi ya malwa, pombe ya ulezi. Wazee hukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, maji ya moto yakiongezwa taratibu huku mashauri yakiendelea. Katika imbalu, tohara ya miaka ya shufwa, kijana hupakwa chachu ya pombe hiyo. Malwa nayo hulevya, lakini chungu kina wazee wanaotazamana.

Chupa haina mzee wala msimu. Hunywewa alfajiri, tena kwa siri. Hadi mwaka 2019 waragi iliuzwa hata katika vifuko vidogo vya plastiki vilivyotoshea mfuko wa mwanafunzi, ndipo serikali ikavipiga marufuku. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2015 nayo ilikataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 21.

Hata hivyo, askari polisi anayemwaga pipa hamwagi shida iliyolijaza. Mara nyingi mpishi ni mama wa watoto, na karo ya wanawe hutoka katika pipa lile lile linalomlevya mume wa jirani. Mama huyo akipata faida katika kahawa ya mlimani au mboga za sokoni, atakuwa na sababu ya kuzima moto wake. Naye baba, awe mkulima au askari, siku ya malipo na aanzie nyumbani.