Fainali ya London, Alasiri ya Sumbawanga

Msafiri atokaye Tunduma, akishaipita Laela, huanza kutafuta koti lake. Mwezi wa Julai nyanda za juu za Ufipa hupepewa na upepo mkavu wa baridi, na milima ya Mbizi husimama kama ukuta kati ya mji wa Sumbawanga na bonde la Ziwa Rukwa. Ndiyo majira ambayo London huchezwa mashindano ya tenisi ya Wimbledon, na mjini kwetu zimo nyumba zinazoyafuatilia, hususan mechi za wanawake.

Aliyewavuta wengi ni Ons Jabeur, Muislamu wa Tunisia, ambaye mama yake ndiye aliyemtia katika mchezo huo angali na umri wa miaka 3. Tarehe 9 Julai 2022, siku ambayo kwao ilikuwa Idi ya kuchinja, alicheza fainali ya Wimbledon, mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kufikia hatua hiyo katika mashindano makuu manne ya tenisi. Alishinda seti ya kwanza 6-3, kisha Elena Rybakina wa Kazakhstan akamshinda 6-2, 6-2. Katika mashindano hayohayo Angella Okutoyi wa Kenya, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa taji la wasichana la wachezaji wawili wawili.

Fainali ya Jabeur ilipangwa saa 8 mchana ya London, yaani saa 10 alasiri kwetu. Saa hiyo Dar es Salaam Alasiri imekwisha kuadhiniwa. Sisi tuko mbali magharibi, jua letu hukawia takriban nusu saa, hivyo adhana ilitukuta seti ya kwanza ingali ikichezwa. Wanaume huinuka wakasali, kisha hurejea kwenye runinga. Wasichana wakishasali, jiko huwaita.

Binti wa dada yangu aliniuliza: "Mjomba, mpira wa kaka ukianza, nyumba nzima hukaa kitako. Wa huyu dada ukianza, mimi hutumwa maji. Kwa nini?" Mama yake alinyamaza. Nami sikuona jawabu la haki ila kumwambia kaka yake achukue ndoo.

Wapo wazazi wenye shaka juu ya mavazi ya wachezaji, na shaka hiyo ina msingi. Lakini mzazi aketiye na binti yake humweleza lipi la kuchukua na lipi la kuacha. Asiyeketi naye huiachia simu kazi hiyo.

La kuchukua lipo. Tarehe 15 Julai 2023 Jabeur alirudi fainalini, akafungwa 6-4, 6-4 na Markéta Vondroušová, akalia mbele ya ulimwengu mzima. Binti aliyemwona akianguka, akainuka na kurudi amepata somo la subira ambalo sisi wazazi hulisema zaidi kuliko tunavyolionyesha.

Basi Julai ikifika, kazi za jioni zigawanywe mapema, sala isaliwe kwa wakati wake, na binti naye apate nafasi yake sebuleni.