Mstari Ulionyooka

Alhamisi, 17 Aprili 2025

Asubuhi hii ofisi nzima ilikuwa na mazungumzo ya sayari moja. Kijana wa field ndiye aliyeyaleta, hata begi hajalitua: "Kaka, umesikia? Wamepata dalili za uhai huko nje!" Mzee wa seva akamwambia avute kiti kwanza, habari isomwe mpaka mwisho. Tukasoma sote kwenye skrini moja, chai ikatupoa mikononi.

Sayari inaitwa K2-18b. Iko miaka ya nuru 124 kutoka hapa, kwenye kundi la nyota la Simba, na huzunguka nyota ndogo nyekundu kila baada ya siku 33. Uzito wake ni zaidi ya mara nane ya dunia. Timu ya Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge iliitazama kwa darubini ya James Webb wakati ikipita mbele ya nyota yake. Katika mwanga uliopenya kwenye hewa ya sayari wanasema wameona alama ya dimethili salfaidi, au ya ndugu yake dimethili disalfaidi, au zote mbili. Hapa kwetu gesi hiyo hutoka hasa kwa vijimea vidogo sana vinavyoelea baharini. Ndiyo sababu ya shangwe yote hii.

Dada wa takwimu alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Sigma ngapi?" Tatu. Akachukua kalamu ya ubaoni akatueleza taratibu, na nayaandika maneno yake nisije nikayapoteza. Kama gesi ile haipo kabisa, bahati tu ya vipimo ingeweza kutoa alama kubwa kiasi hiki mara 3 katika 1,000. Wanafizikia hungoja sigma tano kabla ya kutamka kwamba wamegundua kitu, na hapo bahati inabaki chini ya mara moja katika milioni. Wapo waliokwisha kuandika kwamba uhai umethibitika kwa asilimia 99.7. Hesabu haisemi hivyo. Namba ile haijagusa uhai popote.

Pamoja na hayo, usingizi hauji. Kuna mtu amepima hewa ya dunia nyingine, iliyo mbali kiasi kwamba mwanga alioupokea uliondoka huko kabla babu yangu hajazaliwa.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Nimeshinda Kigamboni na dada na watoto wake. Maji mafu, bahari haikutoka mbali. Mwani ulikuwa umerundikana kwenye mchanga, umekauka juu na kuoza chini. Mpwa wangu akabana pua. "Mjomba, hiki kinachonuka ni nini?" Nikamwambia kwamba sehemu ya harufu ya bahari ni gesi ileile wanayoitafuta kwenye nyota. Akaiachia pua, akavuta pumzi ndefu, akaniambia basi huko nako kunanuka.

Usiku nimesoma zaidi. Gesi hii imeshaonekana kwenye data za nyotamkia 67P, ile iliyofuatwa na chombo cha Rosetta, mahali ambapo hakuna anayedai kuna bahari wala vijimea. Maabara nazo zimeitengeneza kwa kuchanganya gesi za kawaida na kuzimulika, bila kiumbe chochote. Kwa hiyo hata ikithibitika kwamba ipo, bado tutakuwa hatujafika. Isitoshe, kiasi kinachotajwa kwa K2-18b ni maelfu ya mara zaidi ya kilichopo katika hewa yetu. Bahari ya namna gani ingetoa yote hayo?

Ijumaa, 25 Aprili 2025

Jibu la kwanza limetoka, tena upesi. Jake Taylor wa Oxford amechukua vipimo vilevile akaviuliza swali la chini kabisa: kabla hatujataja jina la gesi yoyote, je, nukta hizi zina kilima au bonde lolote? Akapitisha mstari ulionyooka, yaani sayari isiyoonyesha gesi, kisha akajaribu mikunjo isiyo na jina la kemikali. Mstari ulionyooka umetosha.

Watu walipoondoka nilichukua jedwali la vipimo nikaandika programu fupi ya Python nijionee. Nukta zinaanzia karibu na maikromita sita hadi kumi na mbili, kila moja na kijiti chake cha mashaka, juu na chini. Sayari nzima ikipita mbele ya nyota huziba chini ya asilimia 0.3 ya mwanga. Kinachotafutwa ni tofauti ndogo ndani ya hiyo 0.3. Nilivifuta vijiti vya mashaka nikazitazama nukta peke yake: nikaona bonde, nikaona kilele, na kadiri nilivyokazia macho ndivyo vilivyozidi kuwa vya kweli. Nikavirudisha vijiti. Mstari ukapita ndani ya vijiti vingi bila kulazimishwa.

Mzee wa seva alikuwa hajaondoka, akaja kusimama nyuma yangu. "Sasa hapa nani mwongo?"

Hakuna mwongo, mzee. Cambridge walichukua modeli ya hewa yenye gesi ile wakaipambanisha na modeli ya hewa isiyo nayo, na yenye gesi ikashinda. Taylor ameuliza kama kuna haja ya modeli ya hewa yoyote. Data ni zilezile, swali limebadilika, jibu nalo limebadilika. Sisi tunaoshinda kwenye programu tunalijua jambo hili vidoleni: jaribio hupima kile tu ulichokiandikia kupima. Likirudi kijani, maana yake ni kwamba ulichokiuliza kimejibiwa. Usichokiuliza kimebaki palepale.

Ningependa habari za namna hii ziandikwe na sentensi moja ya ziada kila mara: imelinganishwa na nini. Ni sentensi fupi, na msomaji wa kawaida angeielewa vizuri kabisa.

Jumamosi, 3 Mei 2025

Tulikutana kwa mama ntilie wa nyuma ya ofisi, wali maharage na samaki wa kukaanga, mada ileile. Luis Welbanks wa Arizona na wenzake nao wameandika jibu. Huyu aliwahi kuwa mwanafunzi wa uzamivu wa Madhusudhan mwenyewe, na amempinga mwalimu wake hadharani kwa adabu na kwa hesabu. Wameongeza makumi ya gesi kwenye orodha ya zinazojaribiwa, na nyingi zimezifaa nukta zile sawa na dimethili salfaidi au kuizidi. Dada wa takwimu alilisema vizuri: ukipanga gwaride la utambuzi lenye mtu mmoja, shahidi atamnyooshea kidole huyohuyo.

Nikawakumbusha Zuhura. Septemba 2020, timu ya Jane Greaves wa Cardiff ilitangaza fosfini katika mawingu ya sayari ile, na mimi siku ile niliwapigia simu watu ambao hata hawakujali. Ili kuondoa mawimbi ya chombo kwenye data, walitumia polinomia ya digrii ya 12. Baadaye Ignas Snellen wa Leiden na wenzake wakaonyesha kwamba polinomia ya namna hiyo inaweza kuchonga mistari mahali pasipo na kitu. Wenye darubini ya ALMA nao wakagundua kasoro katika uchakataji wao, wakachakata upya, alama ikapungua sana. Mjadala wa fosfini haujafungwa hadi leo. Kwa mwandishi wa programu, hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili: uamuzi mmoja, wa namba moja ndani ya mstari mmoja wa msimbo, nao ukaenda mpaka kurasa za mbele za magazeti ya dunia.

Kijana wa field aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo kila mara itakuwa kelele tu?"

Mzee wa seva akamjibu kwa habari ya Jocelyn Bell. Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi Cambridge, aliona mchirizi mdogo kwenye karatasi za darubini ya redio, usiofanana na nyota wala na usumbufu wa mitambo ya watu. Akaufuatilia mpaka akakuta ni mapigo, moja kila sekunde 1.3, sawasawa kama yamepangwa. Wenyewe wakauita LGM-1, watu wadogo wa kijani. Haukuwa ujumbe wa mtu. Ulikuwa pulsa, kiini cha nyota iliyokufa kinachozunguka kwa kasi, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kabla. "Angeridhika na wale wa kijani," mzee akasema, "tungekosa pulsa." Kijana akarudi kwenye samaki wake, lakini nilimwona akiandika jina la Bell kwenye simu.

Jumamosi, 24 Mei 2025

Wiki ya makala. Cambridge wamejibu: wamepima gesi 650, na dimethili salfaidi imebaki miongoni mwa chache zinazofaa zaidi. Kisha Rafael Luque wa Chicago na wenzake wakaunganisha vipimo vyote vya Webb kwa sayari hiyo, vya mawimbi mafupi na marefu pamoja, wakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi. Madhusudhan mwenyewe alishasema tangu Aprili kwamba saa 16 hadi 24 zaidi za darubini zingeweza kufikisha sigma tano. Basi zitolewe. Sioni matumizi bora ya saa hizo.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sikukuu. Tulikwenda viwanja vya Sabasaba, vumbi na spika za kila banda zikishindana. Mazungumzo yakahamia kwenye mgeni mpya: darubini ya ATLAS huko Chile iliona tarehe 1 Julai kitu kinachokuja kwa karibu kilomita 60 kwa sekunde, kwa njia ambayo jua haliwezi kuikunja ikawa duara. Kimetoka nje ya mfumo wetu. Ni cha tatu kujulikana, baada ya 'Oumuamua wa 2017 na Borisov wa 2019, nacho kimepewa jina 3I/ATLAS. Wapo walioanza kusema ni chombo cha wageni. Ukungu wa gesi na vumbi unaokizunguka umeshaonekana, ni nyotamkia.

Mimi kilichonishika ni namna walivyokipata. Programu hulinganisha picha za anga usiku kwa usiku na kuonyesha kilichosogea. Kilipojulikana, watu wakachimba kumbukumbu za picha wakakikuta kimepita tangu 14 Juni, kimehifadhiwa bila kutambuliwa.

Kijana akauliza sisi wa upande huu tumewahi kuwa na nini katika mambo haya. Nikamwambia habari ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini pwani ya Kenya, kilirushwa chombo cha kwanza cha kuzunguka dunia kilichoundwa mahususi kupima miali ya eksirei angani, nacho kikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Data zake ndizo zilizoifanya Cygnus X-1 ishukiwe kuwa shimo jeusi. Alisimama katikati ya watu akalitafuta jina hilo kwenye simu hapohapo.

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Jana NASA walitangaza mwamba wa Mirihi, na makala yake, inayoongozwa na Joel Hurowitz, imetoka katika Nature. Nimeisoma mara mbili na sasa mikono imetulia kiasi cha kuandika.

Mwamba unaitwa Cheyava Falls. Gari la Perseverance liliutoboa Julai 2024 katika bonde la mto wa kale, Neretva Vallis. Ni tope lililoganda, jekundu, lenye madoa ya duara: pembeni giza, katikati rangi nyepesi, kama ngozi ya chui. Ndani yake kuna kaboni ogania, na kwenye madoa kuna dalili za vivianaiti, fosfati ya chuma, na za griigaiti, salfaidi ya chuma. Hapa duniani madini hayo mara nyingi huachwa kwenye tope na vijidudu vinavyojipatia nguvu kwa kuchezea chuma na salfa. Joto kali linaweza kutengeneza griigaiti bila kiumbe, ila mwamba huu hauonyeshi alama za kupashwa joto hivyo.

Wanasema ni kitu kinachoweza kuwa alama ya uhai, wala hawasemi zaidi. Nimependa walivyoandika. Maelezo yasiyo ya uhai hawakuyatupa pembeni. Wameyapitia moja moja na kueleza kila moja linakwamia wapi. Hiyo ndiyo sentensi niliyoitamani Aprili, wao wameifanya kurasa.

Kwa kitu kinachoweza kujibiwa, huu uko mbele ya K2-18b kwa mbali sana. Sayari ile hatutaigusa kamwe. Kipande cha mwamba huu kimeshakatwa na kufungwa ndani ya mrija, na maabara zenye uwezo wa kukichunguza zipo, ila safari ya kukileta imekwama kwenye bajeti ya Marekani, ambako serikali imependekeza ifutwe. Sijui kuandika hili bila hasira. Kiletwe.

Kijana wa field ameshamaliza muda wake, amerudi chuoni. Ametuma ujumbe saa tatu usiku, bila salamu: "Kaka, hiyo ya joto wamelinganisha na nini?" Dada wa takwimu ameshapakua viambatisho vya makala. Kesho mchana tunaanza na hapo, naye tutampigia simu.