Waislamu na Wasabato wa Kendu Bay

Msafiri afikapo Kendu Bay, ukingoni mwa Ziwa Victoria katika kaunti ya Homa Bay, hukuta msikiti mjini, na karibu yake kilima cha Gendia, makao ya Wasabato. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1906 na Arthur Carscallen, Mkanada, pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Waislamu wengi wa huko ni Wajaluo vilevile, jamaa wa hao waendao kusali Jumamosi. Hussein Onyango, Mwislamu, mwanawe Barack alisoma Gendia. Naye ndiye babaye Obama aliyekuwa Rais wa Marekani.

Katika chakula hakuna taabu. Wote huepuka nguruwe na pombe, na Mwislamu akipewa kisu achinje, kila mgeni hula. Samaki wa ziwani hana haja hata ya kisu hicho.

Taabu huja na msiba. Uislamu wataka maiti azikwe upesi. Desturi ya Kijaluo yataka jamaa wangojewe, hata walio Nairobi. Boma lenye dini mbili hulazimika kuamua kabla jua halijachwa, wala si kila mara huafikiana. Aliyechelewa hukuta kaburi limekwisha kufukiwa, na majirani wa dini zote mbili wangali wameketi wakimngojea.