Kuku wa Mama Sokoni Omurushaka

Msafiri atokaye Bukoba kwa njia ya Kyaka hufika Omurushaka macho yakiwa yamejaa migomba. Hapa ndipo inapoanzia barabara ya kwenda Nkwenda, Isingiro na Murongo, mpakani na Uganda. Siku ya soko kuku huja kutoka pande zote, wengine ndani ya matenga, wengine wakining'inia miguu juu kwenye pikipiki. (Kuku wa kubebwa hivyo hufika amezimia nusu, na mnunuzi mjanja humshusha bei.)

Akina mama wenzangu, tazameni anayeuza ni nani. Kahawa ni ya baba, ng'ombe ni wa baba; kuku ni wa mama. Ndiye daftari la mtoto, ndiye nauli ya hospitali. Lakini mali hii ina adui, mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ukiingia kijijini, banda zima laweza kwisha kwa juma moja. Kinyesi huwa cha kijani, shingo hupinda, na dawa ya kuuponya hakuna.

Kinga ipo. Chanjo iitwayo I-2, iliyoanzia Australia na sasa hutengenezwa hapa nchini, hustahimili joto kuliko zile za zamani. Ni tone 1 katika jicho la kila kuku, wakubwa kwa vifaranga, kila baada ya miezi 3, nao wawe wazima. Chupa moja hutosha kuku wengi na ikifunguliwa haikai, kwa hiyo majirani wapatane siku. Mwenye kuku 6 akinunua peke yake atamwaga nyingi.

Sasa niseme kama muuguzi. Karagwe na Kyerwa sahani hujaa ndizi na maharage, lakini utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikuta zaidi ya watoto 40 katika kila 100 mkoani Kagera wamedumaa. Zamani, Buganda na kwingineko kanda hii, mila ilimkataza mwanamke kula kuku na yai. Leo kinachotunyima ni soko. Nilimwuliza mama mmoja amebakiza mayai mangapi nyumbani, akacheka: "Dada, yai ni chumvi na sabuni."

Ni kweli. Ila kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kabla ya kuatamia. Akiachiwa 9 au 10, yanayozidi ni ya mtoto. Aliyetimiza miezi 6 aweza kulishwa yai lililoiva vizuri, likapondwa ndani ya ndizi zilezile.