Pindo la Leso Mjini Istanbul



Si wachache katika familia zetu za pwani ambao siku hizi, wakitoka Umra, hupitia Istanbul kwa siku tatu au nne kabla ya kurejea nyumbani. Hatuwalaumu. Mji ule una kaburi la Abu Ayyub al-Ansari, aliyempokea Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake Madina, nao mtaa mzima umeitwa Eyüp Sultan kwa ajili yake. Una msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa na Mimar Sinan na kukamilika mwaka 1557. Una Ayasofya, iliyorejeshwa kuwa msikiti mwaka 2020. Mtu huadhiniwa Alasiri na minara ya kulia na ya kushoto kwa pamoja, akasahau kwamba yuko ugenini.

Na huko kusahau ndiko kunakotushughulisha leo. Mahali panapokusanya wageni wengi hukusanya na wachopozi, yaani wezi wa mifukoni, uwe mji ni Roma, Barcelona au Paris. Istanbul nayo imo. Waturuki humwita mtu huyo yankesici, neno ambalo ukilifasiri moja kwa moja lamaanisha mkata ubavuni. Sisi tulijifunza neno hilo tukiwa tumekwisha kukatwa.

Tulikuwa watu wanne: sisi wenyewe, mama wa watoto wetu, binti yetu, na shangazi yetu aliyepita umri wa miaka sabini. Shangazi ni mwanamke wa zamani. Tangu tupate fahamu zetu tumemwona akiweka pesa zake katika pindo la leso, akapiga fundo, kisha akalichomeka kiunoni ndani ya buibui. Tulipokuwa Madina alitaka kununua tende. Akageukia ukutani, akainua buibui, akaanza kulifungua fundo lile kwa vidole na meno, na nyuma yake watu wamepanga safu wakingoja. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tuliona haya. Jioni ile tukamnunulia mkoba mweusi wa ngozi, wenye ukanda wa kutundika begani na zipu juu yake, tukamwambia: “Shangazi, watu hawafungi tena pesa pindoni.” Akatutazama kidogo, akasema: “Haya mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma.”

Katika mkoba ule mlikuwa na kipochi chenye dola 150 zake mwenyewe na dola 400 ambazo hazikuwa zake. Wanawake watano wa mtaani petu walimpa pesa awanunulie mitandio na vitambaa vya Kituruki, kila mmoja na fungu lake, na majina yao yaliandikwa katika kikaratasi.

Siku ya pili tulisali Adhuhuri katika msikiti wa Yeni Cami, ulio karibu na maji pale Eminönü. Tukapita katika Mısır Çarşısı, soko la viungo lililo ubavuni mwa msikiti huo, shangazi akanusa iliki na kusema ya Mombasa ni bora. Kisha tukaenda kupanda tramu ya T1 kuelekea Sultanahmet. Safari yenyewe ni fupi mno: unapita Sirkeci, unapita Gülhane, umefika. Lakini tramu ilikuwa imejaa hadi milangoni. Sisi tulisukumwa mbele pamoja na binti yetu, mama watoto akabanwa kati, na shangazi akabaki karibu na mlango wa nyuma, mkono mmoja ameshika chuma, na mkoba umemteleza mgongoni.

Pale Sirkeci bwana mmoja nadhifu, mwenye koti mkononi, alianza kushuka kisha akasimama ghafla mlangoni kana kwamba amekosea kituo. Walio nyuma yake wakasukuma, walio nje wakasukuma nao, ikawa zahama ya muda mfupi tu. Kisha akashuka, na wengine wawili wakashuka naye. Tuliliona hilo kwa macho yetu na hatukulielewa. Tuliposhuka Sultanahmet shangazi akaupeleka mkono nyuma, akakuta zipu iko wazi na kipochi hakimo. Hakulia. Alisema maneno matatu tu: “Amana za watu.”

Tuliyoyafanya baadaye twayaeleza kwa kuwa kuyaficha kungekuwa dhambi juu ya dhambi. Ndani ya tramu ile mlikuwa na kijana mdogo, nguo zake zimechakaa, akiuza pakiti za karatasi za kufutia pua, naye alisimama karibu na shangazi. Alipokuwa akishuka tukamkamata mkono. Watu wakakusanyika. Mtoto yule, bila ya kuambiwa, akageuza mifuko yake yote nje: sarafu chache na pakiti zake. Mzee mmoja wa Kituruki aliyejua Kiarabu kidogo akatunong’oneza kwamba wafanyao kazi ile huvaa vizuri kutushinda sisi. Tukauachilia mkono. Tulipomwomba radhi kwa Kiarabu, alitujibu kwa Kiarabu cha Sham, akatuita ammo, akasema yamekwisha. Alikuwa mkimbizi. Tulinunua pakiti zake zote, lakini alipokuwa akihesabu chenji tuliona vidole vyake vingali vikitetemeka.

Tulimtazama mtoto kwa sababu ya nguo zake, na mwenye koti hatukumtazama kwa sababu ya nguo zake. Mchopozi hutegemea jambo hilo hasa. Ndiyo maana tunawaambia jamaa wanaosafiri wasijishughulishe na nyuso za watu, kwani hakuna sura ya mwizi. Jicho liwe kwenye mkoba wako. Msongamano wa ghafla mlangoni, mtu anayekufunulia ramani kifuani pako, mpiga kiwi anayeangusha burashi mbele yako ili uiokote, kisha akang’ang’ania kukung’arisha viatu kwa shukrani na kukudai pesa: hayo ndiyo ya kuyatazama, awe mtendaji ni nani.

Polisi wa watalii wana kituo pale pale Sultanahmet. Walitupokea kwa adabu na wakaandika taarifa. Pesa taslimu hazikutarajiwa kurudi, na hazikurudi. Pasipoti za sote zilikuwa kwa binti yetu, zimevaliwa shingoni ndani ya abaya, na kwa hilo tulimshukuru Mungu, kwa maana ubalozi wa Kenya uko Ankara, si Istanbul, na kwenda huko ni safari ya saa kadhaa.

Usiku ule, baada ya Isha, shangazi alituuliza swali ambalo hatukuwa tumejitayarisha kulijibu. “Mwanangu, wewe wasomesha watu. Nitalilipa deni hili au silo juu yangu?”

Mwenye kuwekewa amana, katika sheria yetu, halipi kikipotea alichowekewa, ila akiwa amezembea. Na kuzembea hujulikana kwa kutazama hirzi, yaani mahali pa hifadhi panapokifaa kitu kile. Basi katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wengi wetu wa pwani tumekalia mkeka kukisoma, katika mlango wa amana mna masuala ya dirhamu, mkono wa kanzu na mfuko wa kifuani, ungedhani yameandikwa kwa ajili ya tramu ya Eminönü. Mtu akiambiwa azifunge dirhamu katika mkono wa kanzu, naye akazitia katika mfuko wa kifuani, halipi, kwa kuwa amezihamishia mahali palipo salama zaidi. Akifanya kinyume chake, hulipa. Na aliyezishika mkononi tu, zikapotea kwa kughafilika au kwa usingizi, hulipa; ama zikinyakuliwa kwa nguvu, halipi. Imam Nawawi alifariki mwaka 1277. Sisi tumeisomesha milango hiyo miaka na miaka, na hata siku moja haikutupitia kwamba fundo la leso limo humo.

Tukamuuliza shangazi kama wenye pesa walimwambia aziweke wapi. Akasema watatu hawakusema neno. Wawili walimwambia: “Funga pindoni, bibi, kama ada yako.”

Hapo tulinyamaza kitambo. Fundo lililo kiunoni ndani ya buibui, ambalo hata mwenyewe hulifungua kwa meno, ni hirzi. Mkoba wa zipu unaoning’inia mgongoni katika umati si hirzi. Shangazi aliihamisha amana kutoka mahali pa nguvu kuipeleka mahali dhaifu, naye hakufanya hivyo kwa shauri lake. Tukamwambia deni lote ni letu sisi, la watano na la kwake pia. Alikataa la kwake. La watano alilikubali baada ya kubishana nasi mpaka usiku wa manane.

Kuna sharti jingine ambalo wanavyuoni wamelitaja katika mlango wa wizi. Kitu kilicho mahali pa wazi huhesabiwa kuwa kimehifadhiwa kama mwenyewe anakitazama, lakini huyo mtazamaji awe na uwezo wa kumzuia mwizi, ama kwa nguvu zake ama kwa kupiga ukelele wa msaada. Bibi wa miaka sabini asiyejua Kituruki, amesimama peke yake mlangoni, hana nguvu wala hana ukelele. Tangu siku ile shangazi aliingia katika tramu akiwa kati yetu, mmoja mbele na mmoja nyuma, na tramu ikijaa tuliiacha ikaenda, kwani nyingine hufuata baada ya dakika chache. Tukamfundisha na neno imdat, ambalo Waturuki hulipigia ukelele wakitaka msaada. Alilishika upesi, maana asili yake ni Kiarabu, nalo ni imdadi.

Wengine watashangaa kwamba twataja wizi katika mji wenye misikiti mingi kiasi kile, na hata mlangoni pa misikiti yenyewe. Safwan bin Umayya (r.a.) alilala msikitini akiwa ameufanya mto wa kichwa joho lake, akaja mwizi akalivuta, akakamatwa na kupelekwa kwa Mtume (s.a.w.). Ikiwa hayo yalitokea zama zile, tusitaraji malaika watushikie mikoba zama hizi. Kinamama wauzingatie wakati wa kuvua viatu: mtu huinama, huuweka mkoba chini kando, akaanza kutafuta mfuko wa kutilia viatu. Na wakati wa kutawadha: pete, saa na simu huwekwa juu ya jiwe la bomba, na masikio yako majini. Mwenzako akushikie, kisha umshikie naye. Aliye peke yake na avitie ndani ya nguo kabla ya kufungua maji.

Katika Kapalıçarşı, soko lile la kale lenye paa na maduka yapatayo 4,000, tulikwenda siku ya tatu tukiwa tumegawana pesa: za matumizi ya siku katika mfuko mdogo wa mbele, na zilizobaki hazikufunguliwa mbele ya watu hata mara moja. Kila mmoja alikuwa na fungu lake, ili mmoja akichopolewa wenziwe wawe na nauli. Simu tulizishughulikia zaidi ya pesa. Simu ya Mkenya ndiyo benki yake. Ndani yake mna M-Pesa, mna picha za watoto, mna namba za watu wote awajuao. Haifai kuwekwa mezani kwenye mkahawa wala katika mfuko wa nyuma wa suruali, na laini yenyewe nayo ifungwe kwa namba ya siri.

Shangazi hakutaka kuingia sokoni na mkoba. Asubuhi ile alitoka chumbani amevaa leso yake ndani ya buibui, na tulipomtazama hakusema kitu, wala sisi hatukusema. Mitandio ya wale wanawake watano ilinunuliwa yote, kwa pesa zetu, kutoka pindoni mwake. Kila alipotaka kulipa aligeukia ukutani, akafungua fundo kwa meno, na muuza duka akangoja.

Tuliporudi tuliwaeleza wenye amana yaliyotokea, kwa kuwa haikufaa wapokee mitandio bila ya kujua. Mmoja wa wale wawili alitaka kuturudishia pesa, akasema safari ina mambo yake. Mwenziwe alichukua mtandio wake, akaukunjua, akautazama upande huu na huu, kisha akamwambia shangazi: “Si nilikwambia pindoni?” Shangazi akatuonyesha kwa kidevu.

Ule mkoba haukutupwa. Mjukuu wake huutilia juzuu na kibao cha kuandikia akienda chuoni, na ukanda amekatazwa kuutundika mgongoni.