Aliniuliza Kodi, Nikajua Kuna Siri

Ilikuwa Jumamosi usiku nyumbani kwetu Ifakara, tunakula wali na perege. Mume wangu akauliza kama utani: "Hivi mke wangu, mtu akiuza hisa akapata faida, anakatwa kodi?"

Jamani, mtu haulizi kodi ya faida asiyo nayo! Nikaweka kijiko chini. "Hisa zipi?"

Akatoa yote. Pesa ya mpunga, ile tuliyokubaliana ni ya bati, alichomoa milioni mbili akamtumia rafiki yake anayeishi Australia amnunulie hisa za Black Rock Mining. Kampuni si ya kubuni. Ndiyo yenye mradi wa madini ya kinywe kule Mahenge, ng'ambo ya Daraja la Magufuli, na Serikali yetu ina asilimia 16 kwenye kampuni ya mradi, Faru Graphite. "Mali iko mlangoni kwetu," akajitetea, "kwa nini tusifaidi?"

Kijiweni walimwambia faida ya hisa haina kodi, naye akadhani ni hisa zote. Mimi ni mhasibu, ikabidi nimfafanulie. Msamaha huo ni kwa wawekezaji wadogo kama sisi wenye hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hata huko, gawio linakatwa asilimia 5. Black Rock imeorodheshwa Australia, kwa hiyo msamaha haumgusi. Na mkazi wa Tanzania anatakiwa kutangaza kipato chake hata kikitoka nje.

Kisha nikauliza swali lililoniuma zaidi: "Zimeandikwa jina la nani?"

Kimya. Za kwetu, kwa jina la rafiki. Huyo rafiki akifa kesho, mimi na wanangu tunamdai nani, kwa karatasi gani?

Tulinuniana wiki nzima. Mwishowe yeye mwenyewe akampigia rafiki auze. Faida ilikuwa kiduchu, nyingine ikaliwa na gharama za kutuma pesa. Iliyobaki tukaiingiza kwenye hesabu zetu za kodi, mtaji ukaenda kwenye bati.

Siku hizi tuna akaunti ya hisa soko la Dar, majina yetu yote mawili. Simkatazi kuota madini, hata mimi naota. Ila tumewekeana sheria moja: kabla hajauliza TRA wanataka nini, aniulize kwanza mimi.